Jini wa Ufunguo na Sahani ya Ijumaa

Alikuwako, na kama hakuwako basi walio mfano wake hawajapungua duniani, sultani aitwaye Ghalibu bin Nuhu, aliyetawala mji wa Mwangao na nchi yake yote, kuanzia kuta za bandari hadi Bonde la Kiyungi ambako mpunga huota mpaka pembezoni mwa njia, na alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nzuri, mpenda mashairi na mpenda kula, na katika hazina yake mlikuwa na johari na zulia na saa za maji, na kilichozidi vyote kwa thamani kilikuwa ufunguo wa shaba alioufunga kiunoni kwa mkufu wa fedha, nao ulikuwa ufunguo wa ghala la nchi, na ndani ya ufunguo huo alikaa jini.

Jini huyo jina lake Yakuti, na alikuwa amechoka.

Aliingiaje humo? Kwa ulafi, hakuna haja ya kuficha. Siku moja katika enzi za babu yake Ghalibu, Yakuti alikuwa akipita angani katika safari zake, hana habari na binadamu wala haja nao, mara harufu ya mchele mpya ikampanda puani ikamteremsha hadi ghalani, naye akaingia bila kupiga hodi na akala. Mwanachuoni wa sultani akamkuta akilamba vidole, akasoma aliyoyasoma, akamtia ndani ya ufunguo na kumwekea sharti: atamtumikia kila mwenye kuushika ufunguo ule mpaka siku ambayo sultani wa Mwangao atakula chakula wanachokula watu wake, na ajue kwamba ndicho. Na akamfunga ulimi, asiweze kumweleza sharti hilo mtu yeyote wa kasrini.

Yakuti alipolisikia sharti alicheka. "Basi hiyo ni Ijumaa ijayo," alijisemea. Masikini ya Mungu.

Alikuwa na sababu ya kucheka, maana Mwangao ilikuwa na desturi. Sultani wa kwanza, aliyekuwa mtu wa haki, aliamuru kwamba kila Ijumaa baada ya sala mchukua-sahani wa kasri atoke, aende popote miguu yake itakapompeleka, abishe mlango wa kwanza atakaouona unafuka moshi, apewe sahani ya chakula kilichopikwa humo, na sultani aile mbele ya baraza kabla ya kutoa amri yoyote juu ya vyakula vya nchi. Desturi njema kabisa. Mtu angeweza kuandika kitabu kuisifu, na waliandika.

Ila hakuna aliyeuliza mwenye mlango angefanyaje. Mwanamke wa Kimwangao akisikia sultani atakula kutoka chunguni mwake, atampa mchicha wa juzi? Haiwezekani. Mgeni ni mgeni, na aibu ni aibu. Sahani ya kwanza kabisa ilitoka na pilau ya mbuzi, na mwenye kuipika alikopa mbuzi. Kisha miaka ikaenda, wachukua-sahani wakabadilika, na wa sasa, Mzee Faki, alikuwa na magoti mabovu, kwa hiyo miguu yake haikumpeleka popote bali alipita mitaa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na kila mtaa ukajua Ijumaa yake. Mtaa ukikaribiwa na zamu watu walijinyima wiki nzima, huyu akatoa samli, yule kuku, yule zafarani aliyoificha tangu harusi ya bintiye, ili sahani itoke na heshima. Na sultani akala, na babake kabla yake alikula, na babu yake kabla ya hapo, na wote walifuta midomo wakasema, "Alhamdulillahi, watu wangu wanakula vizuri."

Na kila Ijumaa Yakuti alitazama kupitia tundu la ufunguo, akaona zabibu zikimeta juu ya wali, akarudi ndani akajilaza.

Ikawa mwaka mmoja mvua zikakatika mapema, mavuno yakapungua, bei ya mchele ikapanda, na watu wa mjini wakaanza kunung'unika. Manung'uniko ya mjini yana sifa moja, kwamba kasrini yanasikika, kwa kuwa kasri liko mjini. Bondeni nako walinung'unika, lakini bonde ni mbali na upepo hauvumi kutoka huko. Sultani akaliita Baraza la Shibe, ambalo kazi yake ilikuwa kutafakari chakula cha nchi, na ambalo halikuwahi kutafakari bila biriani mezani, na akasimama Waziri Badrani, mwenye kilemba cha hariri, aliyesoma ng'ambo mpaka akasahau njia ya kwao.

"Maulana, kivuli cha Mungu katika ardhi, kwa idhini yako na kwa fadhila zako," akasema, "mimi mtumwa wako nimelitazama jambo hili kwa mapana yake na marefu yake, na naona shibe ni suala mtambuka."

"Maana yake nini?" akauliza sultani, aliyekuwa na adabu ya kuuliza asichokielewa.

"Maana yake, Maulana, linahitaji jini."

Sultani akausugua ufunguo, na moshi ukatoka, na Yakuti akasimama katikati ya baraza, kichwa chake darini, mikono kifuani.

"Labeka, mwenye ufunguo."

"Jaza ghala."

"Mchele niutoe wapi, Maulana?"

"Popote! Wewe si jini?"

"Ni jini, Maulana. Na jini haumbi kitu. Kuumba ni kwa Mwenyewe aliyeumba. Jini huhamisha. Ukiniambia popote, nitachukua palipo karibu, na palipo karibu pana watu wake, na watu hao watabaki na nini?"

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto. "Hayo ni mambo ya utekelezaji, Maulana. Sisi hapa tunashughulika na dira."

Basi Yakuti akaenda palipo karibu, yaani Bonde la Kiyungi, ambako mpunga mchache uliobaki ulikuwa umekomaa, na wenyewe wako juu ya madungu yao, vile vichanja virefu vya shambani, wakiamia ndege wasile, kwa makombeo. Akaukusanya wote kama mtu anayekunja mkeka, na mbegu za msimu ujao zilizotungikwa majikoni akazichukua pia, kwa kuwa agizo halikutenga mchele na mbegu. Juu ya dungu moja alikuwako mjane aitwaye Bi Mashavu, mwanamke mfupi wa maneno marefu, naye alipoona shamba lake linapaa hakupiga kelele wala hakuzimia, bali alitia jiwe katika kombeo akalizungusha na kulirusha mbinguni, na likampiga Yakuti sikioni. Lilikuwa jiwe dogo. Lakini tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpiga jini yule jiwe, na sikio liliwasha muda mrefu.

Mjini ghala lilijaa, mchele ukawa rahisi, na washairi wakatunga. Msimu uliofuata bondeni hakuna aliyepanda, maana hakukuwa na mbegu.

"Mbona hawapandi?" akauliza sultani.

"Ni mtazamo, Maulana," akasema Badrani. "Mkulima wetu bado hajabadilika kimtazamo. Nashauri wapewe majembe."

"Si majembe wanayoyakosa, Maulana, ni mbegu, na mbegu zimo ghalani mwako," Yakuti akasema, na waziri akasema kwamba zile si mbegu tena, ni akiba ya taifa, na akiba ya taifa haifukiwi matopeni.

Yakuti akaagizwa kuleta majembe, popote, naye kwa hasira akayachukua palipo karibu na wakulima kuliko pote, yaani nyumbani mwao wenyewe. Yakapigwa muhuri wa sultani na yakarudishwa kwa ngoma na matarumbeta, na waziri akamkabidhi kila mkulima jembe huku akimshika mkono kwa muda mrefu ili mchoraji wa kasri apate kuchora. Jioni yake watu wa bonde walizunguka nyumba kwa nyumba wakibadilishana, huyu kapewa jembe la yule, yule la mkwewe.

Msimu wa tatu ikaamriwa mchele uletwe kutoka ng'ambo. Yakuti akauleta kutoka kwa sultani mmoja wa mbali aliyefurahi mno kuupunguza, maana ulikuwa mkuukuu na wadudu walishahamia na familia zao. Shemeji wa waziri akapewa kibali cha kuuuza. Mwanzo aliuuza kwa bei ya kutupa, hata wale wachache wa bondeni waliopata mbegu kwa ndugu zao wa mbali, wakapanda na kuvuna, hawakupata wa kuwauzia, wakaacha kulima. Na walipokwisha kuacha, shemeji akapandisha bei. Yakuti aliyasema hayo yote kabla hayajatokea, na yalipokuwa yakitokea, na yalipokwisha kutokea. Akaandikwa katika kumbukumbu za baraza kwamba "jini alichangia mawazo."

Na kila Ijumaa pilau. "Nasikia watu wanasema kuna njaa," sultani alisema siku moja, akiinua kipaja cha kuku na kukigeuza kwenye mwanga kama anayekagua almasi. "Njaa gani hii yenye zabibu?"

Ndani ya ufunguo, Yakuti aligonga kichwa chake kwenye shaba.

*

Bi Mashavu naye alikwisha kuhamia mjini pamoja na nusu ya bonde, akapanga chumba Mtaa wa Kisimakavu, akawa anatwanga mpunga wa wenye mpunga na kulipwa chenga, zile punje zilizovunjika ambazo kwa kawaida hutupiwa kuku. Mara tatu alikwenda barazani kuomba mbegu za Kiyungi zitolewe ghalani, ili arudi akapande kabla mvua za vuli hazijaanza, na mara tatu karani alimjibu kwamba Baraza la Shibe limepitia sahani za Ijumaa na halikuona dalili yoyote ya njaa. Sasa mawingu yalikwisha kuanza kukaa juu ya milima, na mvua ikimpita huku mjini angekuwa mtwangaji wa watu mpaka kaburini. Hilo ndilo lililokuwa likimla.

Ikawa zamu ya Mtaa wa Kisimakavu imefika, na nyumba ya Bi Mashavu ndiyo ya kwanza mtaani. Alhamisi alasiri wanawake wakamjia wakiongozwa na Bi Semeni, jirani yake, mwenye jogoo kwapani.

"Shoga, kesho ni wewe," akasema Bi Semeni. "Jogoo huyu ni wa mama mkwe wangu, usimwambie. Samli hii hapa. Zabibu ni kidogo, zitawanye juu zionekane nyingi."

"Na nyinyi mmekula nini leo?" akauliza Bi Mashavu.

"Hilo nalo ni swali? Tumekula ulichokula wewe. Usituaibishe tu. Mtaa wa nyuma walitoa maini, wameringa wiki nzima mpaka kisimani hakupitiki."

Wakamfunga jogoo kwenye mguu wa kitanda, wakaenda zao. Sultani wakati huo alikuwa amelala usingizi wa shibe, na sultani akilala hivyo Yakuti aliweza kutoka nje kidogo kama upepo. Na kwa miaka aliutumia upepo huo kunong'ona kwenye madirisha ya wanawake wenye zamu, "Mpe unachokula, mpe unachokula," nao walimrushia chumvi na kufunga madirisha. Safari hii hakunong'ona. Aliingia, akakaa sakafuni, kwa kuwa chumba kilikuwa kifupi.

Bi Mashavu akamtazama vizuri. "Wewe ndiye uliyebeba mpunga wangu."

"Na wewe ndiye uliyenipiga jiwe."

"Nilikusudia jicho."

"Sikio linawasha mpaka leo."

"Liwashe. Umefuata nini? Humu hamna cha kuhamisha, labda jogoo, naye si wangu."

Yakuti akamweleza habari yote, ufunguo na sharti na zabibu, na kwa kuwa Bi Mashavu hakuwa mtu wa kasrini ulimi wake haukukwama hata mara moja. Alipomaliza akasema, "Bibi wee, nakuomba. Kesho mpe unachokula. Basi. Sikuombi zaidi."

"Nimpe sultani uji wa chenga na mchunga? Majani haya machungu, hayana hata tone la nazi?"

"Huo huo."

"Mgeni?"

"Mgeni gani anakuja kula miaka na miaka hata siku moja hajauliza hali!" Yakuti akapaza sauti hadi jogoo akajificha. "Nyinyi watu mna nini? Mnalala njaa ili yeye ashibe, akishashiba anasema hakuna njaa, akishasema hakuna njaa mnanyimwa mbegu, mkishanyimwa mbegu mnalala njaa, na Ijumaa inarudi mnatafuta zabibu! Nimewatumikia masultani watatu na sijaona wajinga wanaojituma kama nyinyi!"

"Usitutukane nyumbani kwangu."

"Samahani."

"Ni rahisi kwako kusema. Wewe kesho ukitoka ufunguoni unaruka. Mimi nabaki na Bi Semeni na kisima ni kimoja." Bi Mashavu akafunua chungu, akakoroga. Nje mawingu yalikuwa yamesogea zaidi. "Wewe unajua ladha yake?"

"Ladha ya nini?"

"Ya ulichotuachia."

Yakuti akakitazama chungu.

"Basi kula kwanza wewe," akasema Bi Mashavu, akampakulia. "Siwezi kumlisha mtu kitu kwa maneno ya asiyekijua."

Jini yule aliyewahi kunywa asali ya milima ya Kafu, na aliyeuza uhuru wake kwa konzi moja ya mchele mpya, akashika bakuli, akanywa. Chenga zilikuwa na mchanga. Mchunga ulimkaa kooni ukakataa kwenda mbele wala kurudi. Akamaliza bakuli lote, kwa kuwa Bi Mashavu alikuwa amesimama juu yake, kisha akatazama chini ya bakuli.

"Basi," akasema mwishowe. "Basi."

"Mfungue huyo jogoo," Bi Mashavu akasema. "Mrudishe kwa mama mkwe wa watu."

*

Ijumaa baada ya sala Mzee Faki akabisha, akapokea sahani iliyofunikwa kawa, akashangaa wepesi wake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu hakufunua. Bi Mashavu akamfuata nyuma hadi kasrini, maana mwenye sahani ana haki ya kuingoja sahani yake barazani, na ile ya Bi Mashavu ndiyo sahani pekee aliyokuwa nayo. Nyuma yao Mtaa wa Kisimakavu ulikuwa umeshikana viuno, ukingoja kusifiwa.

Kawa ikafunuliwa mbele ya sultani. Baraza la Shibe likarudi nyuma kana kwamba kuna nyoka.

"Hii ni nini?" akauliza Sultani Ghalibu.

Barazani hakuna aliyejua. Sultani akachota kwa vidole, kwa sababu desturi ni desturi, akatia kinywani, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto anayeonjeshwa mwarobaini. Na Yakuti kule ndani ya ufunguo akabana pumzi, akangoja shaba ipasuke. Haikupasuka.

"Ni dawa?" sultani akasema.

Waziri Badrani akajipata upesi, kama kawaida yake. "Maulana, mwenye kuona kabla ya wanaoona! Huu ni mlo wa asili. Watu wetu wameanza kuachana na mafuta na nyama na kurejea vyakula vya mababu, kwa hiari yao, kwa ajili ya afya. Kwa kweli ni ishara ya maendeleo, na ningependekeza iundwe kamati ndogo—"

"Aa!" sultani akasema, akatulia. "Wa afya."

Ndani ya ufunguo ikasikika sauti kama ya mtu anayekabwa. Masultani watatu, karibu umri mzima wa mwanadamu, na uji wenyewe umo kinywani, na bado! Kula amekula, kujua hajajua, na maadamu waziri yupo hatajua hata akilishwa mchanga.

Ndipo sauti ikatoka kule nyuma, karibu na mlango wanapoacha viatu. "Si wa afya, Maulana. Ni wa njaa."

Walinzi wakageuka. Bi Mashavu alikuwa amekwisha kusogea.

"Nani huyu?" akasema Badrani.

"Mwenye sahani."

Sultani akainua mkono walinzi wakasimama. "Bibi, unasema unakula hiki?"

"Nakula hicho."

"Leo?"

"Leo, na jana, na kesho Mungu akinijalia. Na mtaa mzima, na mtaa wa nyuma walioringa na maini. Ukiona mchanga, ni kwamba chenga tunazizoa chini."

Sultani akatazama sahani, kisha akamtazama yeye, na akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. "Na pilau? Pilau nilizokula siku zote hizi?"

"Ndizo hizo tulizokosa sisi, Maulana. Wewe ulikula mara moja kwa wiki, sisi tukalala njaa wiki nzima ili upate."

"Kwa nini?" Sasa alikuwa amesimama. "Kwa nini hamkunionyesha? Desturi ni yenu! Mlango ni wenu!"

"Wewe ungefanyaje, Maulana?" akasema Bi Mashavu, na hasira yake yote ikamtoka, akabaki amechoka tu kama mtu mwingine. "Mgeni amekaa mlangoni, ni mkubwa, ana njaa yake ya Ijumaa. Ungempa hiki?"

Waziri akafungua kinywa, na sultani, ambaye tangu atawale hakuwahi kumkatiza waziri wake, akasema, "Badrani, nyamaza nile." Akaketi. Akachota tena, akala, na safari hii hakuna aliyemwambia anakula nini. Akala taratibu, mchanga ukisikika menoni, mpaka sahani ikawa nyeupe, na machozi yakamtiririka ndevuni, kwa uchungu wa mchunga au kwa jambo jingine, na mkufu wa fedha ukalia kiunoni mwake, na ufunguo wa shaba ukapasuka vipande viwili vikaanguka juu ya zulia.

Moshi ukajaa, na Yakuti akasimama, na akajinyoosha, na mifupa yake ikalia kama nyumba inayobomolewa.

"Jini!" Badrani akasema, maana mazoea hayafi mara moja. "Mchukue mwanamke huyu!"

"Nimchukue nimpeleke wapi?"

"Popote!"

Yakuti akacheka kicheko alichokiweka tangu enzi za babu. Akalichukua Baraza la Shibe zima, na vilemba vyao na meza ya biriani na waziri mbele yao, akalihamishia Bonde la Kiyungi, akalitua katikati ya tope, na mbele ya kila mmoja akasimamisha jembe lenye muhuri. Kisha akarudi, kwa sababu alitaka kuona.

"Ghala lifunguliwe," sultani alikuwa akisema, "na mbegu zote zirudi bondeni leo."

"Ufunguo umevunjika, Maulana," wakamwambia.

"Basi vunjeni mlango!" Na kwa kuwa walinzi walisita, kwa maana ulikuwa mlango wa taifa, akakunja mikono ya joho akashika shoka mwenyewe. Hakuwa na nguvu nyingi, na ilichukua muda, na Yakuti aliyeweza kuung'oa kwa kidole kimoja alikaa juu ya paa akamwacha aupige.

*

Mbegu zikafika bondeni pamoja na mvua. Ikaamriwa kwamba ghala lianze kununua kwa watu wa Kiyungi kabla ya kununua ng'ambo, na kwa bei itakayomwezesha mtu kulima tena mwakani. Na shemeji wa waziri akanyang'anywa kibali. Usidhani mji ulifurahi. Mchele ulipanda kidogo na mjini walinung'unika hasa, na sultani akawa anatoka mwenyewe sokoni kuwaeleza, akirushiwa maganda, na akirudi nyumbani anasema afadhali enzi za jini. Baraza jipya likaundwa, na mkutano wake wa kwanza ulijadili jina lake. Hayo ndiyo mabadiliko. Anayetaka makubwa zaidi akatafute hekaya nyingine.

Hekaya haifungwi bila ndoa, nami sitaivunja ada. Sultani, aliyekuwa mjane, alimposa Bi Mashavu kwa barua yenye marashi. Bi Mashavu akajibu kwamba anashukuru kwa heshima, ila mume aliyehitaji miaka yote hiyo kutambua alichotiwa kinywani atamchosha. Akaolewa na Mzee Faki, kwa sababu yeye ndiye aliyemrudishia sahani yake, imeoshwa na kukaushwa, akitembea kutoka kasrini hadi bondeni kwa magoti yale. Utajiri wao ulikuwa shamba linalozaa na ghala dogo lisilo na kufuli. Bi Semeni alikuja harusini na jogoo, akasema wamekwisha kusameheana, na alimtazama Bi Mashavu jicho la pembeni mpaka jogoo akaisha.

Na funzo? Mwenye kutaka kujua watu wanakula nini awaulize katika siku ambayo hawamtarajii. Na mwenye kuulizwa asipike kwanza. Ni funzo jepesi. Ijumaa ya pili Mtaa wa Soko ulitoa uji, ya tatu mtaa uliofuata ukatoa uji na kipande cha papa, ya nne watu wakaanza kuulizana nani ana zabibu.

Mavuno yalipofika, Bi Mashavu alikuwa jikoni akipika mchele mpya, na harufu yake ikapanda juu ya miti ya bonde hadi angani. Akasikia kishindo nje, na kuku wakakimbia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ulimwengu uwe na majini na maghala, mlango ukabishwa.

"Hodi," ikasema sauti nzito, kwa haya.

Bi Mashavu akafuta mikono. Aliangalia chungu, wali mtupu, hauna nyama, hauna zabibu, akawaza kidogo juu ya jogoo wa jirani. Akaliondoa wazo hilo.

"Karibu," akasema. "Inama, mlango mfupi. Utakula kilichopo."